Jiwe Nililoliposa kwa Chokaa

Jiwe zuri kuliko yote upande wetu wa Ziwa Singidani nililiua mimi mwenyewe, kwa brashi na nusu ndoo ya chokaa. Sikukusudia. Nilitaka tu wageni wajue pa kukanyaga wakati wa kupanda. Niliporudi nyumbani baada ya wiki tano, pale lilipokuwa jiwe nilikuta majivu, nyaya za matairi yaliyoungua na marundo manne ya kokoto, kila rundo limechongoka juu kama mahindi yaliyomwagwa gulioni.

Nirudi nyuma kidogo. Jambo hili lina mpangilio wake, na nisipoufuata nitaanza kujitetea kabla ya wakati.

Nina gesti ya vyumba sita Singida mjini, upande wa ziwa. Aliijenga baba, mfanyabiashara wa alizeti ambaye kwao ni pwani. Alikuja kununua mbegu, akaoa Mnyaturu, hakurudi. Tangu nianze kuisimamia, wateja wangu ni madereva wa malori, wanunuzi wa kuku na maofisa wanaokuja semina. Wanafika jua likizama, wanaondoka alfajiri. Kila aliyerudisha ufunguo nilimuuliza swali moja: umeona nini Singida? Majibu niliyaandika kwenye daftari la wageni, pembeni ya sahihi zao. Upepo. Vumbi. Kuku. Kituo cha mafuta. Mmoja, mtu mzima mwenye tai, alinijibu, "Mimi nilikuwa napita tu." Alikuwa amelala siku nne.

Nilikerwa, ingawa si na watu hao. Nilikerwa na jinsi nchi nzima ilivyokubaliana kwamba likizo ni Zanzibar, ni Kilimanjaro, ni Serengeti, na kwamba huku katikati ni mahali pa kunyoosha miguu na kujaza tangi. Mimi nimekulia hapa. Nimeona heroe wakitua ziwani wakati wa kiangazi, wengi mpaka maji yanakuwa na ukingo wa waridi. Nimesimama Kilimatinde pale ardhi inapokatika, nikatazama Bonde la Ufa likienda chini yangu hadi macho yanachoka. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hayo si ya kutazamwa. Walikuwa hawayataji tu, na mimi niliona kutotajwa ni tusi.

Kisha gari la wakala mmoja wa safari kutoka Arusha likaharibika giaboksi karibu na stendi, na mwenyewe akalala kwangu siku tatu akisubiri kifaa. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, msemaji, mwenye kofia ambayo hakuivua hata mezani. Asubuhi ya kwanza alinieleza kazi yake huku akipaka asali kwenye mkate.

"Dada yangu, watu wa likizo wanataka vitu vitatu. Ufukwe, mlima, hifadhi. Hapa ufukwe mnao?"

"Tuna maziwa mawili ndani ya mji."

"Ya kuogelea?"

"Ya chumvi. Ya kutazama."

"Haya, mlima?"

"Nenda Mtinko asubuhi hakuna mawingu, utauona Hanang wote, kuanzia kiunoni mpaka kichwani."

"Hanang si ni Manyara?"

"Ni wa Manyara. Ila wao wako miguuni pake, hawauoni. Sisi ndio tunaouona."

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Na hifadhi je? Ya nani hiyo, ya jirani pia?"

"Hiyo asali unayokula imetoka Mitundu. Ukipita Mitundu unaendelea mpaka Rungwa, pori linalopakana na Ruaha. Wewe watu wako wanaokwenda Ruaha unawazungushia wapi?"

Alichukua simu akafungua ramani, akaikuza kwa vidole viwili, na kwa muda mrefu mkate wake haukuguswa.

Alasiri ile nilimpeleka kwenye jiwe. Lilikuwa bamba kubwa la mwamba, limelala juu ya mawe mengine mawili kama meza ya watu wakubwa kuliko sisi. Chini yake waliishi pimbi, na juu yake, ukishapanda, palikuwa na nafasi ya watu kumi na watano kukaa bila kugusana. Upepo wa Singida unajulikana kwa ukali wake, lakini jiwe lilikuwa na mgongo upande wa mashariki, hivyo ukikaa nyuma ya mgongo huo upepo ulikupita juu ya kichwa. Ziwa lote lilikuwa mbele. Heroe walikuwapo. Wakala alivua kofia. Alikaa pale hadi ndege wakaanza kunyanyuka makundi kwa makundi, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayepanga bei, "Usiku mmoja. Naweza kuwalaza watu wangu hapa usiku mmoja wakielekea kusini. Nipe njia salama ya kupanda, mengine niachie."

Alipiga picha. Miezi miwili baadaye picha ile ilikuwa kwenye kipeperushi chake, ukurasa mzima, na chini yake yameandikwa maneno mawili: Singida, Singidani. Nilikibandika ukutani mapokezi, mahali pa kalenda.

Njia salama ya kupanda niliitengeneza kwa chokaa. Nilichora mshale mweupe kwenye ubavu wa jiwe, nikapaka doa kila mahali pa kuweka mguu. Siku mbili baadaye nikafunga safari kwenda Arusha kwenye mafunzo ya kuhudumia wageni, halafu nikapitia Dodoma kwa mdogo wangu aliyekuwa amejifungua. Wiki tano.

Majirani wa jiwe walikuwa wanawake wagongaji kokoto. Wapo pale tangu nikiwa mtoto. Unawasikia kabla hujawaona, ko, ko, ko, kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Mwamba mkubwa huchomwa kwanza kwa kuni na matairi mpaka upasuke, kisha vipande hugongwa kwa nyundo mpaka viwe vya kumwagwa kwenye zege. Nusu ya misingi ya nyumba za mji huu imetoka kwenye mikono yao, yangu ikiwamo. Kiongozi wao ni mama wa miaka sitini na zaidi, mwembamba, mwenye kitambaa cha bluu kichwani, ambaye ndiye aliyeanza kugonga pale kabla ya wote.

Siku niliyorudi nilimkuta amekaa kando ya rundo la pili, mguu mmoja ameunyoosha. Nilitaka kupiga kelele. Lakini mkubwa ni mkubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mama Gesti. Umenenepa Arusha."

"Mama, jiwe langu liko wapi?"

Alinyoosha nyundo kwenye rundo la kwanza, la pili, la tatu, la nne. "Hilo hapo. Chagua."

Wenzake wakacheka. Niliwauliza ni nani aliyewaruhusu. Kicheko kikaisha, wakatazamana kwa mshangao ambao haukuwa wa kuigiza.

"Si wewe uliyeliposa?" alisema mmoja.

Hapo ndipo nilipofundishwa jambo ambalo limekuwa likifanyika hatua mia tatu kutoka mlangoni kwangu kwa zaidi ya miaka arobaini. Anayetaka kuvunja jiwe hulitia chokaa. Wao husema ameliposa, na tangu hapo hakuna mwingine atakayeligusa. Lakini mchumba lazima aonekane. Mwezi ukiandama na kuisha bila yeye kuja na nyundo, uchumba umevunjika, na jiwe ni la yeyote mwenye kuni. Kwa miaka yote hiyo bamba lile kubwa halikuwa limetiwa chokaa na mtu. Si kwamba walilihurumia. Kila mmoja aliona ni kubwa mno kwake peke yake, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitaka na kushindwa. Mimi ndiye niliyelitoa kwenye aibu hiyo. Niliwaambia wote, kwa brashi yangu, kwamba linavunjika.

"Tulikusubiri," alisema yule mama. "Mwezi mzima na siku tatu za kukuheshimu, maana mama yako alikuwa mtu wetu. Hukuja. Tukasema, huyu ameposa akakimbia."

Nilimpigia wakala simu. Akasema lisinitie presha. "Picha tunayo, dada. Watalii hawahesabu mawe. Wapeleke ufukweni, wape soda, wataona maji."

"Niwaonyeshe kipeperushi cha jiwe halafu niwakalishe kwenye tope?"

"Kila mtu anafanya hivyo."

"Ndiyo maana kila mtu anaulizwa umeona nini na hana jibu."

Nilikata simu nikiwa na hasira, na hasira ile ilinisaidia, kwa sababu nilitoka nje nikaenda kutazama tena kwa macho ya mtu asiyetaka kushindwa. Nyuma ya majivu, hatua sitini kupanda juu, lilikuwapo jiwe la pili. Halikuwa bamba. Lilikuwa la mviringo, lenye tumbo, baya kidogo ukilitazama kutoka chini. Lakini lilikuwa na ngazi ya asili upande wa nyuma, na juu lilikuwa bapa. Nilipanda nikiwa na viatu vya plastiki. Ziwa lilionekana lote, na zaidi ya bamba la zamani, kwa sababu hapa uliona pia mashamba ya alizeti ng'ambo na barabara inayokwenda Mtinko. Upepo ulinipiga usoni mpaka machozi yakatoka. Nilisema basi, wageni watavaa sweta.

Niliposhuka niliona kuni. Zilikuwa zimepangwa upande wa kusini, kavu, zimeegemezwa kwenye tumbo la jiwe. Nilipouliza niliambiwa ni za yule mama. Hazikuwa na chokaa hata tone. Hakuwa ameliposa kwa sababu hakuona wa kushindana naye.

Kesho yake saa mbili asubuhi, wote wakiwa wamekaa kazini, nilipita katikati yao na ndoo yangu, nikapanda, nikalitia lile jiwe chokaa upande wa kaskazini. Nilichora mstari mpana ambao hata mtu wa ng'ambo ya ziwa angeuona. Nyundo zikanyamaza.

"We mwanamke," alisema yule mama bila kuinuka. "Hizo kuni za nani?"

"Zako, mama. Lakini kuni si posa. Mlinifundisha wenyewe."

Mmoja alisema kwa Kinyaturu neno ambalo mama yangu angenifinya kwa kulirudia. Waliitwa watu, akaja mwenyekiti wa mtaa, mzee mpole ambaye hupenda ugomvi uishe kabla ya chai. Alisikiliza pande zote mbili huku akizungusha funguo za baiskeli kidoleni.

"Hii sheria ni yenu, mimi sina karatasi yake," alisema. "Chokaa ni yake?"

"Ni yake."

"Basi kaposa. Lakini mchumba aonekane na nyundo. Siku asipoonekana, msije kwangu."

Nadhani alitegemea nitachoka baada ya siku mbili. Wote walitegemea hivyo. Mimi sikuwa na nia ya kuvunja lile jiwe, ila sheria haikusema lazima ulivunje; ilisema uonekane na nyundo. Nikanunua nyundo. Nikakaa chini ya tumbo la jiwe, kwenye kivuli chake, nikaanza kugonga vipande vilivyobaki vya lile bamba nililoliua. Kila asubuhi baada ya kuwaandalia wageni chai nilikuwa pale hadi adhuhuri.

Siku ya kwanza nilijigonga kidole gumba. Siku ya pili nikajigonga kilekile. Siku ya tatu yule mama alinirushia pete iliyokatwa kwenye tairi kuukuu. Jiwe linawekwa ndani ya pete, mkono unashika pete, na nyundo haikupati.

"Usidhani nakupenda," alisema. "Unatuharibia kazi kwa kupiga yowe."

"Asante mama."

"Na usigonge kama unayeua mbu. Acha nyundo ianguke yenyewe. Ina uzito wake, wa kwako wa nini?"

Waliniita Mchumba. Kila aliyekuja kununua kokoto alionyeshwa: yule pale ni Mchumba, ameposa haoi. Nilicheka nao, ila sikuinuka. Na kwa sababu mtu akikaa mahali muda mrefu huanza kuona, niliona jambo ambalo kutoka gesti sikuwa nimeliona. Yule mama alikuwa anachelewa kuliko wote asubuhi na anaondoka mwisho, kwa sababu ya goti. Mawe makubwa ya karibu yalikuwa yamekwisha. Yaliyosalia yako nyuma ya kilima, mwendo ambao wenzake wanautembea na yeye hawezi. Lile lenye tumbo ndilo la mwisho ambalo goti lake linalifikia. Akilikosa, anakaa nyumbani.

Sikufurahi kulijua hilo. Lakini sikufuta chokaa. Nalisema waziwazi kwa sababu baadhi ya watu wamenisifu kwa kulinda mandhari, na wengine wamenilaumu kwa kumnyang'anya mzee kazi, na pande zote mbili zina sehemu ya ukweli.

Nilijaribu njia ya tatu. Nilimwomba awe mwenyeji wa wageni pale juu: awapokee, awape uji wa mtama, awaeleze ziwa, na mimi nimlipe kama mfanyakazi wa gesti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta jasho kwa upindo wa kanga.

"Niangaliwe?"

"Usiangaliwe, uwakaribishe."

"Mwanangu, mimi nimejenga mji huu. Nitakaa juu ya jiwe nicheke meno nje kwa mtu aliyekuja kupiga picha? Kalete mwingine."

Kundi la kwanza la wakala lilifika mwezi wa sita, watu tisa, wengine wazungu na wengine Watanzania wa Dar es Salaam ambao ndio waliopiga picha nyingi zaidi. Nilikuwa nimewaambia mapema, kabla hawajapanda gari, kwamba jiwe la kwenye kipeperushi halipo na kwa nini halipo. Wakala alinikasirikia kwa hilo. Wageni hawakukasirika. Walitaka kuona majivu. Kisha walipanda lile lenye tumbo, wakakaa wamejikunyata kwa upepo, na heroe wakafanya kazi yao kama kawaida bila kuambiwa. Dada mmoja wa Dar alisema, "Kumbe Tanzania ina katikati." Nililiandika neno hilo siku hiyohiyo.

Wakati wa kushuka, mzee mmoja mgeni alisimama mbele ya yule mama, akaniomba nimuulize atalifanyia nini jiwe hili.

"Mwambie nitalichoma," alisema yule mama.

Ningeweza kutafsiri vingine. Hakuna ambaye angejua. Nilitafsiri kama alivyosema, na yule mgeni akaniangalia mimi, akamwangalia mama, akaziangalia kuni. Yule mama aliona nimesema kweli, maana alisoma usoni pa mgeni. Alisogeza mguu wake kumpisha apite.

Wakala anataka kuleta makundi mengine matatu na anataka jibu langu. Nimemwambia aandike Singida kwenye ratiba, usiku mmoja, na asiandike jiwe. Ameniuliza nitafanya nini likichomwa. Nimemwambia kuna Kilimatinde, kuna Mitundu, kuna ziwa la pili, na kwamba mimi sitaishiwa mahali pa kumpeleka mtu kabla hajaishiwa siku. Hilo nalisimamia.

Wagongaji wamefanya kikao. Swali lilikuwa moja: mchumba anaweza kukaa na nyundo muda gani bila kuwasha moto? Halijawahi kuulizwa, kwa hiyo hapakuwa na jibu la kukumbuka, ilibidi walitunge. Wengine walisema mwezi mmoja, wengine walisema ilimradi anaonekana, aachwe. Mmoja alisema nimeshagonga ndoo nyingi kuliko binti yake, na kwamba hilo ni kuonekana. Kwa desturi yao anayesema mwisho ni aliyeanza kugonga kabla ya wote, na akishasema hakuna anayeongeza.

Lakini yule mama, ambaye neno la mwisho ni lake, hakuwapo kikaoni. Amekwenda Kilimatinde kumuuguza dada yake, na simu yake haipatikani. Kuni hakuzihamisha, wala hakumwachia mtu kiberiti au neno. Wenzake hawajui atarudi lini, na mimi nimewauliza kila asubuhi.